Mtoto Aliyezaliwa Kabla ya Siku Zake

Mimba ya binadamu hukaa tumboni miezi tisa na siku kidogo, yaani kama wiki 40. Mtoto akizaliwa kabla ya wiki 37 kutimia, tunasema amezaliwa kabla ya siku zake. Watu wengi humwita mtoto huyo njiti, kwa sababu mikono na miguu yake ni myembamba kama njiti za kiberiti.

Watoto hawa si wachache. Katika mwaka 2020 walizaliwa duniani kama milioni 13.4. Hiyo ni kama mtoto mmoja katika kila watoto kumi. Kwa hiyo katika darasa letu lenye wanakisomo thelathini, bila shaka yumo aliyemzaa mtoto wa namna hiyo, au aliyemlea, au aliyemzika.

Kuna usemi unaosikika katika vijiji vingi kwamba mtoto wa miezi saba huishi, lakini wa miezi minane hufa. Usemi huu si kweli. Kila wiki moja ambayo mtoto anaongeza tumboni humpa nguvu. Mapafu yake hukomaa, ngozi yake hunenepa, na mafuta huongezeka chini ya ngozi. Mtoto wa miezi minane ana nguvu kuliko wa miezi saba. Ubaya wa usemi huu ni kwamba unawakatisha watu tamaa. Mtoto wa miezi minane anazaliwa akiwa hai, wazee wanatikisa vichwa, na hakuna anayeharakisha kumpeleka zahanati. Saa zinapita, mtoto anapoa, anakufa. Halafu watu wanasema, "Unaona? Wa miezi minane haishi."

Mtoto njiti hakuzaliwa na ugonjwa. Viungo vyake havijamaliza kazi ya kukua, basi. Kazi ya mama, ya wauguzi na ya jamaa wa nyumbani ni kumfanyia nje yale ambayo tumbo la mama lilikuwa likimfanyia ndani. Tumbo lilimpa joto, lilimpa chakula, lilimpa hewa kwa njia ya kitovu, na lilimkinga na vijidudu. Tutayaona mambo hayo moja moja.

BARIDI

Tuanze na baridi, kwa sababu baridi huua upesi na kimya kimya, hata katika nchi ya joto kama yetu. Mtu mzima akiwa Dodoma mchana analalamika jua kali, na papo hapo kichanga aliyelowa maji anaweza kupoa hadi kufa.

Kwa nini? Chukua viazi viwili vilivyochemshwa, kimoja kikubwa na kimoja kidogo. Viweke juu ya meza. Kipi kitapoa kwanza? Ni kile kidogo. Ndivyo ilivyo kwa mtoto njiti. Mwili wake ni mdogo, ngozi yake ni nyembamba, na hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi. Kichwa chake ni kikubwa kulingana na mwili, na joto nyingi hutokea kichwani. Tena hawezi kutetemeka kama sisi ili kujipasha moto. Anapopoa, mwili wake hutumia sukari yote aliyonayo kutafuta joto. Sukari ikiisha, analegea, anashindwa kunyonya, na pumzi inakuwa ya kusitasita.

Joto la mwili linalomfaa ni kati ya digrii 36.5 na 37.5. Nyumbani pengine hatuna kipimajoto. Basi tumia mkono. Gusa nyayo za mtoto kwa nyuma ya vidole vyako, kisha gusa tumbo. Ikiwa nyayo na tumbo vyote vina joto, ni vizuri. Ikiwa nyayo ni baridi lakini tumbo lina joto, mtoto ameanza kupoa, ongeza joto sasa hivi. Ikiwa nyayo na tumbo vyote ni baridi, hiyo ni hatari kubwa. Mweke kifuani na safari ya kwenda kwa mganga ianze.

Mara tu mtoto anapozaliwa, akaushwe kwa kitambaa safi kikavu. Kile kitambaa kilicholowa kitupwe pembeni, aletewe kingine. Avikwe kofia. Kisha awekwe juu ya kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja. Asiogeshwe. Jambo hili la kuogesha huleta ubishi mkubwa kati ya wauguzi na wazee wetu wa kike. Somo na tusome mazungumzo haya. Anayezungumza na muuguzi ni bibi aliyemsindikiza binti yake.

BIBI: Mwanangu, tangu asubuhi mjukuu wangu hajaogeshwa. Ana utando mweupe mwili mzima. Wageni wakija tutasema nini?

MUUGUZI: Shikamoo bibi.

BIBI: Marahaba mwanangu. Nisamehe, moyo umenienda mbio.

MUUGUZI: Si neno, bibi. Ule utando si uchafu. Ni kama mafuta aliyopewa na mwili wake mwenyewe, unamkinga. Tukimwogesha leo, hata kwa maji ya moto, atapoa wakati maji yanapokauka. Mwanao mwenyewe akitoka mtoni anatetemeka, sivyo?

BIBI: Anatetemeka.

MUUGUZI: Na huyu hana nguvu za kutetemeka. Asiogeshwe kabla ya siku nzima kupita. Na kwa udogo wake huu, tutangoja zaidi, mpaka joto lake litulie.

BIBI: Basi niwashe jiko la mkaa humu chumbani, apate joto.

MUUGUZI: Hapana, bibi yangu. Moshi wa jiko una sumu, unaweza kuwaua yeye na mama yake wakiwa usingizini. Wala tusimwekee chupa ya maji ya moto, ngozi yake itaungua kabla hujajua. Jiko lake ni kifua cha mama yake. Na mama akichoka, ni kifua chako.

BIBI: Kifua changu mimi mzee?

MUUGUZI: Kina joto lile lile.

Muuguzi huyo hakusema maneno ya kumfurahisha bibi tu. Kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi ni tiba kamili, na ina historia yake. Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá nchini Kolombia, hospitali moja kubwa ya akina mama ilikuwa imejaa mno. Masanduku ya joto ya kuwalazia watoto njiti hayakutosha. Watoto wawili au watatu walilazwa katika sanduku moja, wakaambukizana magonjwa, na wengi walikufa. Daktari Edgar Rey aliamua kuwarudisha watoto kwa mama zao, wafungwe kifuani usiku na mchana. Njia hiyo ikaitwa ya kangaruu, kwa mfano wa mnyama wa Australia ambaye huzaa mtoto mdogo kama harage na kumlea katika mfuko wa ngozi uliopo tumboni mwake mpaka akue.

Kwa miaka mingi hospitali ziliitumia njia hii kwa mtoto ambaye kwanza amepata nafuu. Yule aliye dhaifu zaidi aliwekwa mbali na mama. Baadaye wataalamu wakauliza: Je, tusingoje? Uchunguzi mkubwa ukafanywa katika nchi tano, yaani Ghana, India, Malawi, Nijeria na Tanzania. Watoto walikuwa zaidi ya 3,000, na kila mmoja alikuwa na uzito wa kilo moja hadi pungufu kidogo ya kilo 1.8. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Katika kundi la watoto waliongoja kwanza wapate nafuu, walikufa kama 16 katika kila 100 kabla ya kutimiza siku 28. Katika kundi la waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, walikufa 12 katika kila 100. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaagiza kwamba watoto njiti wote wabebwe hivyo tangu mwanzo, saa 8 hadi 24 kwa siku. Wale tu ambao hawawezi kupumua wenyewe na wanahitaji mashine ya kuwapumulia, au walio katika hali mbaya ya mshtuko wa mwili, ndio wanaotibiwa kwanza.

Tazama sasa namna ya kumbeba. Mtoto awe uchi, isipokuwa nepi, kofia na soksi. Asimame wima kati ya matiti, kifua chake kikiwa juu ya kifua cha mama. Miguu ikunjwe kama ya chura, mikono pia. Kichwa kigeuzwe upande mmoja na kidevu kiinuliwe kidogo, kisiangukie kifua, maana shingo ikipinda njia ya hewa huziba. Kisha mfunge kwa khanga au kitambaa kinachovutika, ukingo wa juu ufike chini ya sikio lake. Kifundo kiwe imara, lakini tumbo la mtoto lipate nafasi ya kupanda na kushuka. Mama avae nguo yake juu. Anaweza kutembea, kula, na kuchambua mboga. Usiku alale ameegemea mito au nguo zilizokunjwa, kichwa juu kidogo, asilale chali kabisa.

Mama si chuma. Ataoga, atakwenda msalani, atahitaji usingizi. Hapo baba, bibi, shangazi au dada mkubwa ampokee mtoto kwa namna ile ile. Najua wanaume wengi watacheka wakisoma hapa. Wacheke, kisha wavue shati. Kifua cha baba kina joto la kutosha.

Safari ya hospitali nayo iwe hivyo hivyo. Mtoto asifungwe peke yake ndani ya kikapu au kitenge. Kama mama anaweza kusafiri, mtoto asafiri amefungwa kifuani pake. Kama mama hajiwezi, jamaa mwingine ambebe kifuani. Hata bodaboda ikienda kwa mwendo wa taratibu, mtoto atafika ana joto.

PUMZI

Mapafu ni kama vifuko vingi vidogo vilivyolowa. Ukichukua mfuko wa plastiki uliolowa maji ndani, utaona pande zake zinagandamana, na kuufungua ni kazi. Mapafu ya mtoto aliyetimia yana utelezi kama povu unaozuia vifuko visigandamane. Mtoto njiti hana utelezi huo wa kutosha. Kila pumzi kwake ni sawa na kuufungua mfuko upya. Anachoka.

Utajiri peke yake hauwezi kumsaidia ikiwa elimu haijapatikana. Mwezi Agosti 1963 Rais John F. Kennedy wa Marekani alipata mtoto wa kiume, Patrick, aliyezaliwa wiki tano na nusu kabla ya siku zake. Alikuwa na kilo 2.1, uzito ambao wauguzi wetu wa leo wasingeuogopa sana. Alikufa baada ya siku mbili kwa ugonjwa huu wa mapafu. Baba yake alitawala nchi yenye nguvu kuliko zote, lakini dawa ilikuwa bado haijajulikana.

Elimu ilikuja kutoka kwa kondoo. Huko New Zealand, daktari aitwaye Liggins alikuwa akichunguza ni nini kinachoanzisha uchungu wa kuzaa. Aliwachoma kondoo wenye mimba sindano ya dawa fulani. Wanakondoo wakazaliwa mapema mno, wakati ambao mapafu yao hayakupaswa kufanya kazi. Lakini walipumua. Liggins akashangaa. Yeye na mwenzake Howie walijaribu dawa ya namna hiyo kwa akina mama ambao uchungu uliwajia mapema, na mwaka 1972 wakatangaza kwamba inakomaza mapafu ya mtoto angali tumboni. Sindano hiyo hutolewa hata leo katika hospitali zetu. Lakini ili ifanye kazi, inapaswa kuchomwa kabla mtoto hajazaliwa, na inahitaji saa kadhaa. Kwa hiyo mama mwenye mimba ya miezi sita, saba au minane, akiona maji yanatoka, au damu, au tumbo linabana na kuachia mara kwa mara, asilale nyumbani akingoja kupambazuke. Aende. Hata kama uchungu ni wa uongo, safari hiyo haikupotea bure.

Baada ya mtoto kuzaliwa, hesabu pumzi zake akiwa ametulia. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni moja. Hesabu dakika nzima kwa saa. Zikizidi 60, ni nyingi mno. Tazama pia kama mbavu zinabonyea ndani kila anapovuta, kama mianya ya pua inapanuka, kama anaguna kila anapotoa pumzi, na kama ulimi umekuwa wa buluu. Huyo anahitaji oksijeni. Hospitali nyingine zina mashine inayompulizia hewa puani bila kukoma, na mwisho wa mpira wake umetumbukizwa katika chupa ya maji. Ukiona maji yale yanatokota bila moto, usiogope. Mapovu hayo yanaonyesha kwamba hewa inasukumwa, ili vifuko vya mapafu visifunge.

Kuna jambo jingine linalowatisha akina mama. Mtoto amelala vizuri, mara anaacha kupumua. Ubongo wake mchanga umesahau. Pumzi ikisimama kwa sekunde 20, au hata pungufu ya hapo lakini rangi ikabadilika, ni hatari. Msugue mgongo kwa kidole au mguse nyayo kwa nguvu kidogo. Usimtikise, usimmwagie maji. Mara nyingi atashtuka na kuvuta pumzi. Hospitalini ipo dawa ya kuukumbusha ubongo. Mtoto aliyefungwa kifuani hupata faida hapa pia, kwa sababu kifua cha mama kinapanda na kushuka chini yake wakati wote, na mama huhisi upesi mabadiliko yakitokea.

Oksijeni nayo ni dawa yenye kipimo. Katika miaka ya 1940 na mwanzo wa miaka ya 1950, hospitali za nchi tajiri ziliwapa watoto njiti oksijeni nyingi bila kipimo, na maelfu wakapofuka. Mwaka 1954 ndipo ilipothibitishwa kwamba oksijeni iliyozidi ndiyo iliyoharibu macho. Kwa hiyo ukimwona muuguzi anapunguza oksijeni ya mwanao, usidhani anamnyima. Na mtoto aliyelelewa kwa oksijeni apelekwe kwa mganga wa macho tarehe ile atakayopangiwa.

MAZIWA

Kunyonya, kumeza na kupumua kwa zamu ni kazi ngumu. Mtoto huanza kuiweza akiwa na umri wa mimba wa wiki 34 hivi. Kabla ya hapo anaweza kupaliwa. Ndiyo maana hospitalini hulishwa kwa mpira mwembamba unaopita puani au mdomoni hadi tumboni, baadaye kwa kikombe kidogo, na mwisho kwa titi lenyewe.

Maziwa ni yale yale ya mama. Maziwa ya kwanza, ya manjano na mazito, yanaitwa dang'a. Wako wanaoyakamua na kuyamwaga wakisema ni machafu. Kwa mtoto njiti kuyamwaga ni kumwaga dawa. Dang'a ina kinga dhidi ya vijidudu, na maziwa ya mama humpunguzia mtoto ugonjwa mbaya wa utumbo unaowapata njiti, ambao tumbo huvimba, mtoto hutapika matapishi ya kijani, na choo huwa na damu. Maziwa ya ng'ombe, uji mwepesi, maji ya sukari na dawa za mitishamba visiingie kinywani mwake kabisa.

Mama aanze kukamua mapema, ikiwezekana katika saa ya kwanza, na aendelee kila baada ya saa mbili au tatu, usiku pia. Titi lisilokamuliwa hudhani kazi imekwisha. Siku ya kwanza pengine atapata matone tu chini ya kikombe, na atalia kwamba hana maziwa. Tufanye hesabu tuone.

Mtoto ana uzito wa gramu 1,500, yaani kilo moja na nusu. Siku ya kwanza anahitaji kama mililita 60 kwa kila kilo.

60 × 1.5 = 90. Kwa siku nzima, mililita 90.

Analishwa kila baada ya saa mbili, kwa hiyo mara 12 kwa siku.

90 ÷ 12 = 7.5.

Kijiko cha chai kinachukua mililita 5. Basi kila mlo wake ni kijiko kimoja na nusu tu. Matone yale ya mama si haba tena. Kiasi huongezwa kila siku. Akifikia mililita 150 kwa kila kilo, mlo utakuwa karibu vijiko vinne. Hesabu ya mtoto wako mwenyewe itapangwa na muuguzi, kwa sababu kila mtoto ana hali yake. Hii ni ya kutuonyesha udogo wa tumbo lake.

Siku za mwanzo uzito utapungua. Mtoto wetu wa gramu 1,500 anaweza kushuka hadi kama 1,350, kisha arudi uzito wa kuzaliwa baada ya siku 10 hadi 14. Mama asiyeambiwa jambo hili huona kwenye mizani kwamba mtoto anakwisha, na usiku unaofuata anatoroka naye kwenda kutafuta dawa kwingine.

VIJIDUDU, MANJANO NA DAMU

Ngozi nyembamba ni ukuta mbovu. Kila anayemshika mtoto anawe mikono kwa sabuni na maji, hata kama ni mwenye nyumba. Mwenye mafua au kikohozi atoe salamu zake mlangoni. Kitovu kiwe safi na kikavu. Kisipakwe majivu, mavi ya ng'ombe wala mafuta ya kupikia.

Mtu mzima akishikwa na ugonjwa wa vijidudu hupata homa. Mtoto njiti anaweza kufanya kinyume, akawa baridi. Kwa hiyo usingoje homa. Mtoto aliyekuwa akinyonya na sasa hataki, aliyekuwa akichezesha miguu na sasa amelegea, huyo ni mgonjwa hata kama hana joto.

Macho na ngozi kuwa ya manjano hutokea kwa watoto wengi, lakini njiti hudhurika haraka, kwa sababu ini lake bado halina nguvu na ile manjano ikizidi huingia katika ubongo. Tiba yake ni taa maalumu. Aliyeanzisha safari ya tiba hiyo alikuwa muuguzi. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford nchini Uingereza, Sista Ward alikuwa na kawaida ya kuwatoa watoto nje wapate hewa na jua. Siku moja akamwonyesha daktari mtoto ambaye manjano ilikuwa imefifia mwili wote, isipokuwa pale palipofunikwa na shuka. Madaktari wakachunguza, wakatengeneza taa. Lakini tusiseme basi tumwanike njiti juani nyumbani. Jua halina kipimo. Litamchoma au atapoa akivuliwa nguo, na manjano inabaki. Manjano ikionekana siku ya kwanza, au ikifika viganjani na nyayoni, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Damu ya njiti pia huwa pungufu. Mkunga akingoja walau dakika moja kabla ya kukata kitovu, mtoto hupata damu ya ziada kutoka katika kondo. Baadaye atapewa matone ya dawa ya kuongeza damu. Yanatia choo weusi. Hilo si ugonjwa.

NYUMBANI

Mtoto akiruhusiwa, malezi ya kifuani yaendelee mpaka mwenyewe aanze kujinyonganyonga akitaka kutoka. Alale ndani ya chandarua. Arudi kliniki kila tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, na baba aisome kadi hiyo pia; ndiyo faida ya kujua kusoma.

Njiti ana umri wa aina mbili. Chanjo huhesabiwa tangu siku aliyozaliwa. Lakini kukaa, kutambaa na kusimama huhesabiwa tangu siku ambayo angetimia. Aliyezaliwa miezi miwili mapema, akifikisha miezi sita, mtazame kama mtoto wa miezi minne. Majirani watasema amechelewa. Mama aijue hesabu hii ili asihuzunike bure, na pia ili ajue kuchelewa kwa kweli kukitokea.

Wala tusimsingizie mama kwamba alifanya kosa. Malaria, upungufu wa damu, ugonjwa wa njia ya mkojo, kaswende, kupanda kwa damu, mimba ya mapacha na mimba ya msichana mdogo mno vyote vinaweza kuleta uchungu mapema, na mara nyingine sababu haionekani kabisa. Kuhudhuria kliniki tangu miezi ya mwanzo hugundua mengi ya hayo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kutoka kijijini kwetu hadi hospitali yenye wodi ya watoto njiti ni mwendo wa saa ngapi? Wakati wa masika je?

2. Ni nani kijijini mwenye chombo cha usafiri anayeweza kuamshwa usiku? Tumewahi kumwomba kabla haja haijatokea?

3. Mtoto ana gramu 1,200 na anapangiwa mililita 80 kwa kila kilo kwa siku, milo 12. Kila mlo ni mililita ngapi?

4. Mwalimu alete khanga na mwanasesere wa matambara. Kila mwanakisomo, mwanamume na mwanamke, amfunge kifuani mbele ya wenzake. Wengine watazame kidevu, miguu, na ukingo wa khanga.